Masomo ya Chuo Kikuu Yalivyoifikia Singida

Mkoa wa Singida, uliozaliwa mwaka 1963 kutoka lililokuwa Jimbo la Kati, haujawahi kuwa makao makuu ya chuo kikuu. Mwenye kutaka shahada amezoea kufunga safari: zamani Makerere, kisha Dar es Salaam, na tangu 2007 Dodoma, kilipoanzishwa chuo kikuu kilicho jirani kuliko vyote vilivyotangulia. Hata hivyo masomo yenyewe yamekuwa yakija Singida kwa zaidi ya nusu karne. Yalikuja ndani ya bahasha, yakaja redioni, yakaja katika vitabu vya Chuo Kikuu Huria, na sasa yanakuja kwa simu ya mkononi, ambayo humfungulia mtu wa Ilongero au Manyoni kozi nzima za vyuo vya Marekani, Uingereza na India bila ada. Wengi wanaoizungumzia hatua hii ya mwisho huieleza kama mwanzo mpya kabisa, kana kwamba kikwazo pekee kilikuwa uhaba wa maandishi na sasa kimeondoka. Historia inasema vingine. Kila mara masomo yalipofika kutoka mbali, walionufaika zaidi ni waliokuwa na wenzao wa kusoma nao, mtu wa kuwasahihisha na mahali pa kupimwa. Palipokosekana hayo, hata maandishi mazuri hayakumfikisha mtu mbali. Nadhani somo hilo ndilo linalosahauliwa leo, na kusahauliwa kwake kunawagharimu vijana wa mkoa huu miaka yao.

Kabla ya uhuru, elimu rasmi iliyovuka darasa la nne ilikuwa mikononi mwa misheni na shule chache za serikali. Huko Iramba, Walutheri wa Augustana kutoka Marekani waliendesha kazi zao Ruruma, Kiomboi na Kinampanda, na Kinampanda ikawa mahali pa kuandaa walimu, kazi inayoendelea mpaka leo katika chuo cha ualimu cha hapo. Mwalimu aliyemaliza mafunzo na kutaka kuendelea alikuwa na njia moja nyembamba, nayo ni posta. Chuo Kikuu cha London kilikuwa kimeruhusu tangu 1858 mtu asiye mwanafunzi wake wa darasani kufanya mitihani yake, na vyuo vya posta vya Uingereza kama Wolsey Hall cha Oxford viliuza masomo ya kumwandaa mtahiniwa huyo popote alipo katika makoloni. Kila kitu kililipiwa: ada, vitabu, stempu, mtihani. Sanduku la posta lenyewe mara nyingi lilikuwa la shule au la parokia. Usafiri nao haukuwa wa kutumainiwa, kwani reli ya tawi iliyotoka Manyoni kupita Singida hadi Kinyangiri ilijengwa miaka ya 1930 na kung'olewa katika muongo uliofuata. Waliopita njia hiyo nchini walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa walimu na makarani walioishi pamoja, wakaazimana vitabu na kuulizana maswali. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipofunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, kilianza na wanafunzi 14, wote wa sheria. Kwa nchi nzima, mlango ulikuwa mdogo kiasi hicho.

Baada ya uhuru serikali iligeukia watu wazima kwa nguvu ambayo leo ni vigumu kuipima. Sensa ya 1967 ilionyesha kwamba takribani theluthi mbili ya watu wazima hawakujua kusoma. Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, madarasa ya ngumbaru yakaenea, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyopewa sheria yake mwaka 1975, ikaendesha pia elimu kwa njia ya posta. Lakini jambo linalostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni kampeni ya Mtu ni Afya ya 1973. Ilikuwa na kitabu kilichoandikwa kwa Kiswahili chepesi na vipindi vya redio vya majuma 12. Hayo mawili peke yake yangeweza kutolewa na kuachwa yajiendee. Waandaaji wakaongeza la tatu, ambalo ndilo lililokuwa gumu na la gharama: waliandaa viongozi wa vikundi wapatao 75,000, ili katika kila kikundi awepo mtu wa kuwasha redio, kusoma kitabu kwa sauti, kuuliza swali na kuhakikisha kwamba mwisho wa kikao kuna uamuzi. Watu takribani milioni 2 walishiriki, katika nchi ya watu wasiozidi milioni 15, na matokeo yalionekana kwa macho: vyoo vilichimbwa, vyanzo vya maji vikasafishwa, vichaka vya kando ya nyumba vikafyekwa.

Mtu anaweza kusema kwamba kuchimba choo si kusoma kalkulasi, na kwamba kampeni ya afya haiwezi kutupa mfano wa masomo ya chuo kikuu. Pingamizi hilo lina haki yake kuhusu kina cha maarifa. Haligusi utaratibu. Na kama kuna anayetilia shaka utaratibu huo kwa masomo mazito zaidi, mfano wa walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, uko mbele yake. Azimio la Musoma la Novemba 1974 lilitaka kila mtoto awe shuleni ifikapo 1977. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wa kutosha hata vingefanya kazi usiku na mchana, wakati vijiji vipya vilivyotokana na operesheni ya kuwahamisha watu vilihitaji shule mara moja. Serikali ikachukua vijana waliomaliza shule ya msingi, ikawapa madarasa ya kufundisha hapohapo vijijini, na ikawafundisha kazi wakiwa kazini: masomo ya posta, vipindi vya redio, mkufunzi wa kata aliyekutana nao kila juma, na mwishoni kukaa chuoni kwa majuma machache kabla ya mtihani. Kati ya 1976 na 1984 zaidi ya walimu 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Watu walikuwa na wasiwasi kuhusu ubora wao, na wasiwasi huo ulikuwa wa haki. Wengi walianza wakiwa vijana wadogo mno mbele ya madarasa makubwa mno. Ila utafiti wa Mählck na Temu, uliochapishwa 1989 ukiwalinganisha walimu hao na waliosomea chuoni, haukuwakuta kuwa kundi la walioshindwa. Uliwakuta wakisimama karibu na wenzao, wakizidiwa katika baadhi ya mambo. Kwa vijana waliopewa bahasha, redio na mkufunzi wa kata, hilo ni jambo kubwa. Ukimwondoa mkufunzi wa kata katika mpango ule, sioni kilichobaki ambacho kingewabeba miaka mitatu.

Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilizaliwa katika mkondo huohuo. Kamati iliyoongozwa na Nicholas Kuhanga ilipendekeza kianzishwe, Bunge likapitisha sheria yake mwaka 1992, kikaanza shughuli Machi 1993 na kupokea wanafunzi wa kwanza 1994, Profesa Geoffrey Mmari akiwa Makamu Mkuu wa Chuo na John Malecela Mkuu wa Chuo. Kilikuwa cha kwanza Afrika Mashariki kufundisha kwa masafa peke yake. Uamuzi wake uliofaa kuliko yote, kwa mtu wa Singida, ulikuwa kuweka vituo mikoani. Mwanafunzi aliyebaki na kazi yake ya ualimu au uhasibu alijua mahali pa kwenda kujiandikisha, kuchukua vitabu, kukutana na wahadhiri kwa siku chache za ana kwa ana na kufanya mtihani. Chuo hakikungoja kila kitabu kiandikwe nchini. Mwanzoni kilitumia pia vitabu vya kozi vya vyuo vya nje vilivyokuwa na uzoefu wa elimu ya masafa. Kwa hiyo kusoma kwa maandishi ya chuo cha mbali, huku kituo cha mkoa kikiwa ndiyo nyumba ya msomaji, hakukuletwa na intaneti. Kulikuwepo.

Miaka kadhaa baadaye huko Massachusetts kamati ya wahadhiri wa MIT ilikuwa imepewa kazi ya kutafuta jinsi chuo chao kingenufaika na mtandao. Zama zile vyuo vingi vilikuwa vikipiga hesabu za kuuza kozi. Kamati ikarudi na jibu lisilotarajiwa: tuzitoe bure. Rais wa chuo, Charles Vest, alilikubali, na Aprili 2001 likatangazwa. Septemba 2002 kozi 50 za kwanza ziliwekwa hadharani. Miaka mitano baadaye zilikuwa 1,800, na leo zimezidi 2,500. Anayeingia hahitaji kujiandikisha. Hukuta silabasi, orodha ya vitabu, madesa ya mhadhiri, mazoezi, na katika kozi nyingi mitihani pamoja na majibu yake, na huweza kupakua kozi nzima akaisoma bila mtandao. Julai 2002 UNESCO iliitisha mkutano Paris ambapo nyenzo huria za elimu zilipata jina lao rasmi, na Desemba mwaka huo zikatoka leseni za Creative Commons, zinazomruhusu mtu kunakili na kusambaza, na nyingine kutafsiri na kubadilisha, bila kumwandikia mwenye kazi barua ya kuomba ruhusa. India ikaweka mihadhara ya vyuo vyake vya teknolojia katika NPTEL, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kikafungua OpenLearn mwaka 2006, na tangu 2012 Chuo Kikuu cha Rice kinatoa vitabu kamili vya kiada vya OpenStax, kuanzia fizikia hadi uchumi.

Afrika haikukaa pembeni ikipokea tu. Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, kikiwa na makao Nairobi, kiliwakusanya wahadhiri wa nchi 10, Tanzania ikiwemo, wakaandika moduli za hisabati, fizikia, kemia, biolojia na ualimu kwa Kiingereza, Kifaransa na Kireno, zikawekwa wazi kwa wote mwaka 2011. Mradi wa TESSA ulioanza 2005, ambao Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni mshirika wake, ulitoa nyenzo za kuwaendeleza walimu wa shule za msingi kwa lugha nne, na Kiswahili ni mojawapo. Mwalimu wa Mkalama anayetafuta namna bora ya kufundisha sehemu na desimali angekuta huko kitu kilichoandikwa kwa ajili ya darasa linalofanana na lake. Inasikitisha kwamba nyenzo hizi, zilizo karibu zaidi naye, hazina umaarufu walio nao Harvard na MIT.

Kufika kwa haya yote Singida kulichelewa kwa sababu zinazojulikana. Mpaka 2009 mawasiliano ya intaneti ya Tanzania yalipitia setilaiti kwa bei ya kutisha. Julai mwaka huo waya wa SEACOM ulifika Dar es Salaam kwa njia ya bahari, EASSy ukafuata 2010, na Mkongo wa Taifa ukaanza kuunganisha miji ya mikoa. Minara ya simu ikasogea vijijini, kwa sehemu kwa msukumo wa Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulioundwa kwa sheria ya 2006, na umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) ukaifuata au ukaitangulia. Leo mwenye simu janja mjini Singida anaweza kusikiliza mhadhara wa algebra ya Gilbert Strang wa MIT akiwa kando ya Ziwa Singidani.

Hapa ndipo pingamizi la kwanza linapokuja, nalo ni zito: bando. Kozi inayotolewa bure na mwenyewe huuzwa na mtandao kwa megabaiti, na video ya saa moja inaweza kumaliza bando la siku kadhaa la mtu ambaye kipato chake kinategemea mavuno ya alizeti au vitunguu. Sikubaliani na wanaolipuuza hili. Bali lenyewe linaunga mkono hoja ninayoijenga, kwa kuwa gharama ya kupakua humwelemea anayesoma peke yake kuliko yeyote. Kozi ikishapakuliwa mara moja inaweza kunakiliwa kwa flashi au memori kadi kwa watu 50, na leseni inaruhusu. MIT yenyewe imepeleka nakala za kozi zake kwenye diski hadi vyuo vya Afrika vyenye mtandao dhaifu, na mradi wa eGranary wa Chuo Kikuu cha Iowa ulijengwa juu ya wazo hilohilo: maktaba ya tovuti inayokaa ndani ya kompyuta moja na kusomwa na jengo zima bila intaneti. Steshenari za mjini, zinazotoa kopi na kuhamisha mafaili kila siku, tayari zinafanya nusu ya kazi hiyo. Kinachokosekana ni mtu mwenye dhamana ya kuchagua kozi ipi ipakuliwe na nani aisome na nani.

Pingamizi la pili hutoka kwa wanaoamini katika mtu mmoja mwenye bidii. Wanasema wapo waliojifunza programu za kompyuta peke yao kwa simu, wakapata kazi, na kwamba anayetaka atafika tu. Ni kweli wapo, nami nawaheshimu kwa dhati. Lakini sera ya elimu haijengwi juu ya watu wa namna hiyo, kwa sababu hao wangefika hata kwa bahasha. Edx na Coursera zilipoanza mwaka 2012, zikiwa na wahadhiri wa MIT, Harvard na Stanford, dunia nzima ilifanya jaribio kubwa la kuwapa watu kozi bora bila kuwapa wenzao wa kusoma nao. Matokeo yalijirudia kozi baada ya kozi: waliomaliza kwa kawaida hawakufika hata mmoja katika kila kumi walioandikishwa, na waliomaliza wengi tayari walikuwa na shahada. Watetezi wa kozi hizo hujibu kwamba wengine waliingia kuchungulia tu, wakachukua walichotaka na kuondoka. Jibu hilo linamfaa mhandisi wa Boston anayetafuta mada moja. Kijana aliyemaliza kidato cha nne Itigi, anayehitaji msingi wote kuanzia chini, halimsaidii.

Lugha ni jambo ambalo kwa maoni yangu lina uzito kuliko bando. Mtoto wa Singida hufundishwa shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, mara nyingi baada ya kuanza maisha kwa Kinyaturu au Kinyiramba, kisha kidato cha kwanza humdai Kiingereza kwa ghafla. Anayejisomea mwenyewe hukutana na ukuta huo bila mwalimu wa kumfafanulia hapohapo. Maneno ya kitaalamu mtu huweza kuyakariri. Kinachomshinda ni aya ndefu ya hoja, ambapo akikosa kiunganishi kimoja amepoteza mkondo mzima. Wapo wanaosema dawa ni kutafsiri kila kitu. Ingekuwa vizuri, na leseni nyingi zinaruhusu, ila kozi elfu kadhaa hazitatafsiriwa karibuni. Kikundi cha watu watano wanaosoma aya ya Kiingereza na kuibishania kwa Kiswahili kinafanya kazi hiyo kwa aya wanayoihitaji siku hiyo. Hivyo ndivyo wanafunzi wa vyuo vyetu wanavyosoma usiku wa kuamkia mtihani, na ndivyo vikundi vya Mtu ni Afya vilivyosoma kitabu chao.

Anayesema kwamba elimu isiyo na cheti haimlishi mtu anasema kweli kuhusu soko la ajira la Tanzania. MIT haitoi cheti kwa anayesoma madesa yake, na Coursera hukitoa kwa malipo. Ila milango ya kupimwa ipo zaidi ya inavyofahamika. Aliyeikosa sekondari anaweza kupita kwenye Mtihani wa Maarifa, ule unaojulikana kama QT, kisha akafanya kidato cha nne akiwa mtahiniwa wa kujitegemea. Mwenye uzoefu wa kazi bila vyeti vya kidato cha sita ana utaratibu wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa kutambua ujifunzaji uliotangulia, unaomwezesha kufanya mtihani wa kuingia chuo kikuu. Chuo Kikuu Huria kina kozi yake ya msingi. Nyenzo za bure zinamfaa kila mmoja wa hawa kama maandalizi, ilimradi mtu amwambie ni moduli ipi inalingana na silabasi ipi ya mtihani wake. Ulinganisho huo haupatikani kwa kutafuta Google; ni kazi ya mwalimu anayeijua mitihani ya Baraza la Mitihani (NECTA) na anayezijua moduli.

Na mahali pa mwalimu huyo kukaa pameshajengwa. Tangu 1975 nchi ilianzisha Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa Sweden, zaidi ya 50 kwa jumla, na mkoa una kimoja Singida na kingine Msingi. Kinampanda kuna chuo cha ualimu, mjini kuna tawi la Taasisi ya Uhasibu na kituo cha Chuo Kikuu Huria. Diski moja yenye moduli za Chuo Kikuu cha Mtandao cha Afrika, vitabu vya OpenStax, nyenzo za TESSA na kozi mia chache za MIT ingetosha kila kimojawapo kwa miaka. Kazi ya mkufunzi ingekuwa saa chache kwa juma, kama ile ya mkufunzi wa kata wa 1976, na malipo yake ni gharama ndogo kuliko ya jengo lolote jipya. Vituo hivyo vingeweza pia kurudisha kitu. Chuo Kikuu cha Sokoine tayari kinaweka mtandaoni machapisho ya Kiswahili kwa wakulima, na kozi ya kemia ya mafuta iliyotungwa Cambridge au Delhi haina mfano wa alizeti ya Iramba inavyokamuliwa na kuchujwa. Leseni inamruhusu mwalimu wa Singida kuufungua ukurasa huo, kuandika mfano huo kwa Kiswahili, na kuurudisha hadharani ukiwa na jina lake, ili wa Dodoma, Kitui au Bukavu autumie kesho yake.